Mpaka Upitie Wapi? Mjadala Kuhusu Hifadhi ya Mitaa ya Eastlands

Eneo la hifadhi ya urithi ni sehemu ya mji iliyozungushiwa mpaka kisheria kwa sababu mpangilio wa nyumba, barabara na nafasi zake za wazi, ukitazamwa kwa pamoja, una thamani ambayo haionekani katika jengo moja moja. Hapo ndipo linapotofautiana na jengo la kihistoria lililotangazwa na serikali, kwa kuwa jengo hulindwa peke yake, kuta na paa lake, ilhali eneo hulindwa zima, pamoja na vichochoro, miti, viwanja vya michezo na hata umbali ulioachwa baina ya nyumba na nyumba. Mapitio ya mipaka, kwa upande wake, ni kazi ya kuirudia ramani baada ya miaka kadhaa na kuuliza kama mstari uliochorwa bado unazunguka kile uliokusudiwa kukizunguka, au kama umeacha nje jambo la maana na kukumbatia ndani lile lililokwisha kuharibika. Nchini Uingereza, ambako utaratibu huu uliingizwa katika sheria mwaka 1967, sheria ya 1990 inazitaka serikali za mitaa zifanye mapitio hayo mara kwa mara. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina uzoefu wake, maana Mji Mkongwe wa Zanzibar uliundiwa mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu, uliokwisha kuwekewa ulinzi rasmi katika miaka ya 1980, ukafuata mwaka 2001. Jijini Nairobi ulinzi umeelekezwa zaidi kwenye majengo moja moja ya katikati ya jiji, yale yenye nguzo na minara, kana kwamba historia ya jiji ilikomea kwenye mzunguko wa Muthurwa.

Mashariki ya mzunguko huo ndiko iliko mitaa ambayo wakaazi wake huiita kwa jumla Eastlands, na ambayo sehemu yake kongwe ilijengwa na Baraza la Mji, lililopata hadhi ya Baraza la Jiji mwaka 1950, ili kuwaweka wafanyakazi Waafrika mahali pamoja na chini ya uangalizi. Pumwani ilipimwa mapema katika miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu waliofukuzwa katika kijiji cha Pangani, kilichobomolewa kufikia 1939. Kaloleni na Ziwani zikafuata katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na nyinginezo ambazo mpaka leo, ingawa baraza lenyewe lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Serikali ya Kaunti mwaka 2013, watu huziita nyumba za kanjo.

Mitaa hii imo katika mipango ya kuijenga Nairobi upya tangu kaunti ilipokamilisha, mwaka 2014, mpango mkuu wa maendeleo ya jiji unaofika mwaka 2030. Swali la mipaka ya hifadhi limeibuka kwa njia hiyo, yaani kwa mlango wa nyuma, pale ambapo nyumba zimekwisha kuwekwa katika orodha ya kubomolewa. Mjadala unaofuata unapanga misimamo minne inayosikika kila swali hilo linapozuka. Wasemaji wake si watu mahsusi, bali kila mmoja anabeba hoja ambayo katika mikutano ya hadhara husemwa na wengi, mara nyingi kwa ukali zaidi kuliko hapa.

MHIFADHI: Aanzaye kuchora mpaka sharti aanzie Kaloleni, maana hakuna mtaa wa Waafrika uliojengwa Nairobi kabla ya uhuru ambao mchoro wake unasomeka waziwazi kama huu. Waliouchora walikuwa wanafuata fikra ya mji wa bustani, iliyoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard tangu 1898, ya kwamba makazi ya wafanyakazi yachanganywe na uwazi na miti, pamoja na fikra ya ujirani iliyoandikwa na Mmarekani Clarence Perry mwaka 1929, kwamba kila mtaa uwe na shule, maduka na ukumbi wake kwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ndiyo sababu barabara za Kaloleni hazikukatwa kama mistari ya daftari, bali huelekea katikati, penye ukumbi wa jamii, maktaba na zahanati, na nyumba za mawe zenye paa za vigae na mabomba ya kutolea moshi zimepangwa kuzunguka nyasi za pamoja. Aidha, Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kujengwa kwa kuzingatia familia, si kwa mwanamume mmoja aliyetarajiwa kurudi kijijini mkataba wake ukiisha.

Kuna pia yale yaliyotendeka ndani ya mpangilio huo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huohuo, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulimsikia mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh, akidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na wiki tatu baadaye yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, mgomo mkuu wa wafanyakazi ukaanza kesho yake. Taifa ambalo lina makumbusho ya reli na makaburi ya masetla lakini halina mpaka mmoja wa kulinda mahali ambapo neno hilo lilitamkwa hadharani, limechagua nini cha kukumbuka.

AFISA WA MIPANGO: Hakuna anayeubishia ukumbi. Ukumbi ni jengo moja, unaweza kuwekewa ulinzi wake na ukaachwa pale pale hata kama ghorofa zitauzunguka. Shida inaanza pale mpaka unapotanuka kutoka ukumbini hadi kila nyumba ya chumba kimoja na jiko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Kaunti ndogo ya Makadara, ambamo mitaa mingi ya aina hii imo, ina watu wapatao 16,000 kwa kila kilomita mraba, na Mathare, ambayo haiko mbali, inakaribia 69,000. Maana yake ni kwamba ardhi ya umma iliyo karibu zaidi na kazi, soko na reli ndiyo inayokaliwa na watu wachache kwa kadiri yake, huku wengine wakisongamana kwenye mabati upande wa pili wa mto. Serikali Kuu imepitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 na kuwatoza wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara. Fedha hizo zinahitaji ardhi, na ardhi ya kanjo ndiyo iliyopo.

Liko jambo jingine ambalo wahifadhi hawapendi kulisikia. Nyumba hizi zilijengwa chini ya utawala uliowagawa watu wa jiji kwa rangi, Wazungu wakapewa vilima vya magharibi, Wahindi wakapewa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa kwenye udongo mweusi wa mashariki unaojaa maji kila masika. Mpango mkuu wa mwaka 1948, uliochapishwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, uliukamilisha mgawanyo huo kwa lugha ya kitaalamu. Kuuzungushia mtaa kama huo mpaka wa hifadhi ni kuuambia umma kwamba udogo wa chumba alichopewa babu ni turathi, na mjukuu anapaswa kuendelea kuishi ndani ya turathi hiyo.

Hoja hii ya mwisho ya Afisa ni nzito kuliko ile ya takwimu, na inafaa itafakariwe kidogo kabla ya kusonga mbele. Takwimu za msongamano zinaweza kujibiwa kwa takwimu nyingine, lakini anayesema kwamba hifadhi inaweza kugeuka kuwa njia ya kulitukuza gereza hajibiwi kwa kumwonyesha vigae. Hata hivyo hoja hiyo ina upungufu mmoja unaoonekana mara tu mtu anapoingia ndani ya ua wa mojawapo ya nyumba hizo.

Ua wa kawaida wa Kaloleni leo haufanani na ule uliochorwa. Nyuma ya nyumba ya mawe, mahali palipokusudiwa pawe bustani ndogo ya mboga, pamesimama chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, kilichojengwa na mpangaji kwa fedha zake, na ndani yake anaishi kijana wa nyumba hiyo au mpangaji mdogo anayelipa kodi kwa mwenye nyumba asiye mmiliki. Ubavuni kuna mitungi ya maji ya lita ishirini iliyopangwa kwa safu. Dirishani, upande unaotazama barabara, pametobolewa nafasi ya kuuzia sukari ya kupima, mafuta na kadi za simu. Katika ramani ya kaunti chumba hicho cha mabati hakipo, dirisha hilo ni dirisha, na mtaa una idadi ileile ya kaya uliyokuwa nayo ulipofunguliwa. Kwa hiyo wale wanaodaiwa kufungiwa ndani ya udogo wa mkoloni wamekuwa wakiubomoa udogo huo kidogo kidogo kwa muda mrefu, bila kibali, na aghalabu kwa ustadi.

MPANGAJI: Mwanangu Afisa, na wewe Mwalimu wa turathi, mnabishana juu ya kuta ambazo hamkupiga rangi hata mara moja. Bomba la majitaka lilipopasuka, waliochanga fedha ni wenye nyumba tano zinazolitumia. Kigae kikianguka, hununuliwa bati, kwa sababu kigae hakipatikani na kanjo haiji. Sasa Mwalimu anataka mpaka, na ndani ya mpaka huo mama atakayetaka kubadilisha mlango atahitaji barua ya kibali, na kile chumba cha mabati ambamo mwanawe amelala kwa miaka yote hii kitaitwa uchafuzi wa mandhari ya kihistoria. Afisa naye anataka ghorofa, na anasema wapangaji watarudi. Watu waliotolewa Pangani mwaka 1939 waliambiwa mambo mazuri pia, na ndiyo maana kuna mtaa unaoitwa Shauri Moyo.

Wakaazi hawakatai hifadhi, wala hawakatai nyumba mpya yenye choo ndani. Wanachouliza ni kitu gani hasa kinahifadhiwa. Ikiwa ni mawe, basi yapelekwe makumbusho. Ikiwa ni mtaa, basi mtaa ni watu wanaojuana kwa vizazi vitatu, ni timu ya mpira, ni msiba unaochangiwa na nyumba mia bila kuitisha kamati, na hakuna mpaka uliowahi kuchorwa ukawaweka watu ndani.

MHIFADHI: Mama, hilo la mwisho si kweli kabisa, na ni muhimu kulitazama. Sheria nyingine duniani zimejaribu. Sheria ya turathi ya Afrika Kusini ya 1999 inaziagiza serikali za mitaa, kila zinapoupitia upya mpango wa mji, zichunguze kama kuna maeneo yanayostahili kutangazwa kuwa ya urithi kwa sababu ya mazingira yake au ya thamani yake kiutamaduni, wala haidai yawe na majengo mazuri. Kwa tafsiri hiyo, vitongoji vilivyojengwa chini ya ubaguzi vinaweza kulindwa kwa sababu ya kile walichokifanya waliosukumiwa humo.

MPANGAJI: Na nani hulipa vigae?

Mhifadhi hana jibu la haraka kwa swali hili, na ni haki kukiri kwamba wahifadhi wengi hawanalo. Mpaka wa hifadhi huzuia ubomoaji, lakini hauzuii kuoza. Zanzibar ina mamlaka, mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 na hadhi ya kimataifa, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la sultani lililo kwenye orodha ya UNESCO linaweza kuanguka ndani ya mpaka, nyumba ya mfanyakazi wa kanjo haitaokolewa na mstari mwekundu peke yake. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kazi ndogo, inapopewa mwenyewe, huonekana: maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, ambazo zilikuwa zimezeeka, zimekarabatiwa katika miaka ya karibuni kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Book Bunk, na watoto wanasoma humo. Hilo lilifanyika bila kuihamisha familia hata moja.

MWANASHERIA: Mjadala huu umekuwa ukizungumza kana kwamba kuna kiti kimoja cha kuchorea mpaka. Viko vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Cha kwanza ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006, ambayo kwayo waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo au mahali panalindwa, na wenye pingamizi hupewa nafasi ya kuliwasilisha. Njia hii ina nguvu, lakini iko mikononi mwa Serikali Kuu, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali hiyo majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Cha pili ni mamlaka ya kaunti yenyewe, ambayo jedwali hilohilo limeipa mipango na maendeleo ya kaunti, upimaji wa ardhi, mipaka na nyumba, pamoja na shughuli za utamaduni. Cha tatu ni eneo maalumu la mipango, yaani sehemu ambayo kaunti huitangaza kuwa na matatizo yasiyotatuliwa kwa kanuni za kawaida, ikasimamisha ujenzi humo kwa muda hadi mpango wake ukamilike. Utaratibu huu umo katika sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, na hata kabla yake ulikuwa umetumika.

AFISA WA MIPANGO: Umetumika Mukuru. Mwezi Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na mashirika zaidi ya arobaini, yakiwemo ya wakaazi wenyewe, yakajipanga katika vikundi vya maji, nyumba, afya na fedha, yakafanya kazi ya kupanga makazi ya kaya zinazokadiriwa kufika 100,000. Hilo linaonyesha kwamba kaunti ikiamua kuwasikiliza watu, inaweza.

MWANASHERIA: Linaonyesha pia tofauti. Mukuru kaunti haikuwa mwenye nyumba. Kaloleni, Jericho na Bahati, kaunti ndiyo mwenye nyumba, ndiyo mpangaji wa mji, ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, na ndiyo inayoingia ubia na mwekezaji. Mamlaka yenye kofia nne haiwezi kuachiwa ichore mpaka kwa hiari yake pale mwekezaji amekwisha kuketi mezani. Jambo hili si la nadharia tu: mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya wakaazi wa Muthurwa waliokuwa wakifukuzwa kwenye nyumba za reli, ilitambua kwamba haki zao za makazi na utu zilikiukwa, na mwaka 2016 sheria za ardhi zikarekebishwa ili anayehamishwa apewe notisi ya miezi mitatu. Lakini notisi humlinda mtu asitolewe usiku. Hailindi nafasi ya wazi, hailindi ukumbi, na hairudishi mtaa.

Sasa mpaka wenyewe, maana mjadala wa hifadhi usiofika kwenye mstari ni mazungumzo tu. Ukichukuliwa msimamo kwamba kitu cha kulindwa Eastlands ni mpangilio na maisha yaliyokulia ndani yake, mstari hauwezi kufuata kuta za nje za mitaa kongwe kwa mkupuo. Kaloleni ingekuwa ndani yote, kwa kuwa thamani yake imo katika uzima wake, na kuchukua robo moja ya nyumba zake ni kuharibu zilizosalia. Maringo na Jericho ni habari nyingine. Nyumba zao zilijengwa nyingi na kwa haraka, baadhi zikibeba jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, na mchoro wake hauna upekee wa Kaloleni. Kilicho adimu huko ni nafasi za wazi, mathalani uwanja wa Camp Toyoyo, ambao vijana wa Eastlands wameuchezea mpira kwa vizazi na ambao ramani ya mwekezaji yeyote huuona kama ardhi tupu. Huko mpaka uzunguke uwanja, ukumbi na soko, na nyumba ziachwe zijadiliwe kwa hoja ya makazi. Pumwani nako kinachopaswa kulindwa ni ukubwa wa ploti na upana wa vichochoro vya mtaa wa Majengo, pamoja na misikiti na ukumbi wa kumbukumbu ya askari, wala si kila ukuta wa udongo uliokwisha kubadilishwa mara tatu.

Utata mwingine unatokana na ukweli kwamba mipaka mingine imekwisha kupita hapo kabla ya huu. Kaloleni iko katika eneo bunge la Makadara, Pumwani na Shauri Moyo katika Kamukunji, Ziwani na Kariokor katika Starehe, kwa hiyo mitaa iliyozaliwa na historia moja ina wabunge watatu na wawakilishi wa wadi wengi zaidi, na kila mmoja ana wapigakura wake wa kuwaridhisha. Nyumba za Makongeni, zilizo jirani kabisa na Kaloleni, zilikuwa za urithi wa reli wala si za kaunti, na hivyo zilikuwa nje ya uwezo wa kaunti kama mwenye nyumba, ingawa hazikuwa nje ya uwezo wake kama mpangaji wa mji. Mto nao una madai yake: baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru watu walio ndani ya mita 30 kutoka ukingoni wahame, na mabuldoza yakafuata, ikadhihirika kwamba mstari mmoja uliochorwa kwa haraka unaweza kuwa na nguvu kuliko ramani zote zilizotangulia.

AFISA WA MIPANGO: Kwa mtindo huo mpaka utakuwa na vipande vipande, na kaunti haina maafisa wa kusimamia vipande.

MPANGAJI: Kaunti ina maafisa wa kutosha kuwafukuza wachuuzi wa Gikomba na wa Barabara ya Jogoo. Wakigeuzwa kazi watatosha.

Buruburu inaweza kutumika kama onyo kwa pande zote mbili. Mtaa huo, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 na kuuzwa kwa mikopo kwa tabaka la kati lililokuwa likichipuka, ulipangwa kwa nyua za pamoja ambazo nyumba zilizizunguka, na hakuna mtu aliyekuja kuubomoa. Wenye hati wenyewe waliongeza chumba mbele, kisha duka, kisha ghorofa, mpaka nyua nyingi zikabaki njia ya gari. Hapakuwa na mwekezaji wa kulaumiwa wala kanjo ya kushtakiwa. Palikosekana tu kanuni iliyowekwa mapema na kukubaliwa na wakaazi kuhusu kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiguswi. Anayedhani kwamba kuwapa wapangaji wa Kaloleni hati za nyumba kutalinda mtaa bila kanuni ya aina hiyo, apite Buruburu jioni moja.

Kwa kuzipima hoja hizi, Afisa anashinda kuhusu idadi ya watu na anashindwa kuhusu wakati. Ni kweli kwamba jiji haliwezi kuacha ardhi yake ya umma ilale huku Mathare ikisongamana, lakini hakuna kinachomzuia kujua kwanza ni ardhi ipi. Mhifadhi anashinda kuhusu Kaloleni, na angeshinda zaidi kama angeacha kuipigia debe kila nyumba yenye kigae. Mpangaji ndiye mwenye hoja ambayo pande nyingine zinaizunguka bila kuigusa: mpaka wowote utakaochorwa bila kuviandikisha vyumba vya mabati, pamoja na wanaoishi ndani yake, utakuwa umechora mtaa ambao haupo. Kwa hiyo sensa ya nyua, itakayofanywa na wakaazi pamoja na kaunti kama ilivyofanyika Mukuru, inapaswa kutangulia ramani, na kanuni za ndani ya mpaka zinapaswa kukiruhusu chumba cha nyuma kwa kipimo kinachojulikana, badala ya kukifanya kuwa kosa.

Kuhusu wakati, sheria imekwisha kutoa kalenda. Katiba inaitaka tume ya uchaguzi ipitie mipaka ya maeneo bunge kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili, kwa sababu inajulikana kwamba mipaka isiyopitiwa huzeeka na kuwaonea watu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti, ambao ni wa miaka kumi, upitiwe kila baada ya miaka mitano. Mapitio ya maeneo ya hifadhi yakiambatanishwa na yale ya mpango huo, hayatahitaji tume mpya wala sheria ya Bunge la Taifa. Yatahitaji Bunge la Kaunti lipitishe kanuni mbili, ya kwanza ikisema kwamba hakuna zabuni ya kujenga upya mtaa wowote wa kanjo itakayotangazwa kabla ya ramani ya hifadhi ya mtaa huo kujadiliwa hadharani na kupitishwa, na ya pili ikitenga sehemu ya kodi ya nyumba zilizo ndani ya mpaka kwa ukarabati wa nyumba hizohizo.

Wawakilishi wa wadi za Makadara, Kamukunji na Starehe wanaweza kuwasilisha kanuni hizo katika kikao kijacho. Mikutano ya kuzijadili ifanyike katika kumbi za mitaa yenyewe, kwa Kiswahili, siku ya Jumamosi ambapo watu hawako kazini, na ramani ibandikwe kwenye mlango wa ukumbi wa Kaloleni mwezi mmoja kabla ya mkutano wa kwanza.